Cherehani iliyolala, gauni lililoachwa nusu: namna ya kurudi kwenye ushonaji wa nyumbani

Ushonaji wa nyumbani huachwa kwa njia inayofanana karibu kila mahali. Mtu ananunua kitenge, anakata gauni, anapiga mishono mitatu minne. Uzi unakatika. Chini ya kitambaa panajifunga donge la nyuzi. Mkono wa gauni unakataa kuingia kwenye tundu la kwapa. Gauni linakunjwa na kutiwa kwenye mfuko, cherehani inafunikwa, mwaka unapita. Anayerudi baadaye huanza pale pale alipoishia, ndiyo maana kikwazo kile kile humrudisha nyuma siku ya kwanza.

Utaratibu tunaoupendekeza ni tofauti: anza na cherehani, fuatisha mkono wako, gauni liwe la mwisho. Sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita kukosa kipaji cha kushona ni sindano butu, uzi uliooza au mafuta yaliyoganda. Huwezi kulihukumu gauni, wala kujihukumu mwenyewe, kabla mashine haijatoa mshono safi kwenye kipande cha majaribio.

Andaa vitu hivi: sindano mpya za saizi 80/12, 90/14 na 100/16, mafuta halisi ya cherehani, mswaki wa zamani uliokauka, bisibisi mbili, moja ya kawaida na moja ndogo kabisa, uzi mpya wa polista, wembe au kisu kidogo cha kufumulia, chaki, pini, futi ya kupimia na pasi. Tafuta pia vipande vya pamba vya kujaribia, jumla isipungue nusu mita. Usinunue cherehani mpya kwanza. Kichwa cheusi cha chuma cha aina ya Butterfly au Singer ya zamani kinaweza kulala miaka mingi na bado kikashona vizuri kuliko mashine nyepesi ya plastiki ya bei rahisi.

Hatua ya 1: Iamshe cherehani

Chomoa waya kwenye umeme. Kama ni cherehani ya miguu, toa mkanda kwenye gurudumu. Inua mguu wa kubania kitambaa, toa uzi wote, kisha zungusha gurudumu la mkono kuelekea kwako, polepole.

Likizunguka kwa wepesi, nenda kwenye usafishaji. Likizunguka bila sindano kupanda na kushuka, kaza kirungu kilicho katikati ya gurudumu. Hicho hulegezwa wakati wa kujaza bobini (kigurudumu kidogo cha uzi wa chini), na wengi husahau kukikaza tena. Likikwama kabisa, usilitumie nguvu. Chanzo cha kwanza cha kukwama ni uzi uliojiviringisha nyuma ya ndoano, ile sehemu inayozunguka kasha la bobini. Laza kichwa cha cherehani nyuma, piga picha kwa simu ili ukumbuke kila kipande kilivyokaa, toa kasha, fungua vishikio viwili vya pete, toa pete na ndoano. Mara nyingi utakuta uzi umejifunga humo pamoja na vumbi la kitambaa.

Kama hakuna uzi, ni mafuta. Mafuta ya kupikia yakikaa ndani ya mashine hugeuka gundi, na mafuta ya injini ni mazito mno kwa mitambo midogo hivi. Tia tone moja au mawili ya mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma. Acha nusu saa. Ikiwa imeganda sana, acha usiku kucha. Kisha tikisa gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo hadi liachie. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko, na kwenye mashine ya umeme usisogeze mafuta ya taa karibu na mota wala nyaya. Jambo la kuzingatia: mafuta ya taa huyeyusha uchafu lakini hayalainishi. Ukimaliza, futa, tia tone moja la mafuta ya cherehani kila tundu, zungusha gurudumu dakika mbili, rudia. Ukiacha mafuta ya taa peke yake, vyuma vitalana.

Fungua sasa skrubu za bamba la sindano. Katikati ya meno yanayosukuma kitambaa utakuta vumbi lililogandamana kama blanketi. Litoe kwa mswaki na ncha ya pini. Usilipulize kwa mdomo, kwa kuwa unyevu wa pumzi huleta kutu. Kutu iliyopo tayari kwenye bamba isugue kwa msasa laini, namba 400 au zaidi, kisha paka mafuta na ufute. Pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Zanzibar na Mtwara, hewa ya chumvi hufanya kutu ije haraka zaidi, kwa hiyo kagua pia nondo ya sindano (chuma kinachoishikilia) na skrubu zote zilizo wazi.

Mkanda wa ngozi ulioregea huteleza na kukufanya ukanyage bure. Uliokazwa mno hufanya pedeli iwe nzito. Ukiubonyeza kwa kidole katikati ya urefu wake unapaswa kuingia kama sentimita moja. Kama umeregea, kata kipande kidogo, toboa upya, rudisha kile kipini cha waya kinachounganisha ncha zake.

Kwa mashine ya umeme, waya uliochunika au harufu ya kuungua ni kazi ya fundi, si ya mwongozo huu.

Hatua ya 2: Sindano, uzi, kisha ndipo skrubu

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mshono ukiwa mbaya, wanakimbilia kukaza na kulegeza skrubu, na baada ya robo saa hakuna anayejua mashine ilikuwa imewekwaje mwanzo. Skrubu ziwe za mwisho.

Badilisha sindano hata kama ya zamani inaonekana nzima. Sindano huisha ncha baada ya takriban saa 8 za kushona, na iliyopinda kidogo tu hutaiona kwa jicho. Ilaze kwa upande wa ubapa wa shina juu ya kioo: kama imepinda, mwanya wa mwanga chini yake hautakuwa sawa. Namba ya kwanza kwenye pakiti ni unene kwa mia ya milimita, yaani 90 ni milimita 0.9. Doria na vitambaa vyepesi vinataka 80/12 au chini ya hapo, kitenge na khanga 80/12 au 90/14, jinzi na turubai nyepesi 100/16. Kitambaa cha jezi kinahitaji sindano yenye ncha ya mviringo; ya kawaida hukata nyuzi zake na mishono huruka.

Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja na ubapa upande wa pili wa shina. Mfereji unatazama upande ambao uzi unaingilia. Angalia kishikio cha mwisho cha uzi kilicho juu ya sindano: kiko upande gani? Uzi unaingia kutoka upande huo. Sukuma sindano hadi igote juu kabisa ndipo ukaze skrubu. Ikishuka hata milimita mbili, ndoano haitaukamata uzi, na mashine itatoboa kitambaa bila kushona.

Uzi uliokaa miaka mingi ujaribu kwa mikono. Kata sentimita 30, vuta kwa ghafla. Ukikatika bila kukuuma vidole, hauna kazi tena, hata kama rangi yake bado inang'aa. Uzi wa pamba huoza upesi zaidi kwa jua na unyevu kuliko wa polista. Juu na kwenye bobini tumia uzi wa aina moja.

Unapotunga uzi wa juu, mguu wa kubania uwe umeinuliwa. Si suala la mazoea tu. Mguu ukiwa chini, vile visahani viwili vya mkazo vimebanana, na uzi hukaa juu yake badala ya kuingia katikati. Matokeo yake ni lile donge la nyuzi chini ya kitambaa ambalo limewafanya watu wengi waache kushona. Kwa kuwa donge liko chini, mtu hulaumu bobini. Kosa liko juu: uzi wa juu haujabanwa, kwa hiyo unavutwa chini bila kizuizi. Toa uzi wote, inua mguu, tunga upya, hakikisha umepita kwenye ule mkono wa chuma unaopanda na kushuka. Hili peke yake humaliza tatizo mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Bobini nayo ina kipimo chake. Weka bobini kwenye kasha, pitisha uzi kwenye mwanya na chini ya kipande cha springi, kisha ning'iniza kasha kwa uzi wake. Linapaswa kukaa bila kushuka, na ukitikisa mkono kidogo lishuke sentimita chache na kusimama. Likianguka moja kwa moja, kaza ile skrubu ndogo. Lisiposhuka kabisa, legeza. Zungusha robo ya nusu tu, yaani sehemu ya nane ya mzunguko, kisha jaribu tena. Juu ya bakuli, tafadhali, maana skrubu hiyo ikidondoka sakafuni ni vigumu kuipata.

Jaribu kwenye vipande viwili vya pamba, urefu wa mshono milimita 2.5, ambao ni kama mishono 10 kwa inchi. Tumia uzi mweusi juu na mweupe chini. Kila upande uone rangi yake tu. Vidoti vyeupe vikitokeza juu, mkazo wa juu umezidi. Vyeusi vikitokeza chini, umepungua. Endelea kushona vitambaa vya majaribio hadi alama za mafuta ziishe kabisa, la sivyo gauni lako litapata madoa.

Mambo mengine yanayojitokeza hapa na sababu zake:

– Uzi wa juu unakatika: sindano imegeuzwa, tundu lake lina ukingo mkali, au gurudumu limezunguka kinyume. Kwenye cherehani ya miguu hili la mwisho hutokea sana. Anza kwa kulisukuma gurudumu kuelekea kwako kwa mkono kabla ya kukanyaga.
– Mishono inaruka: sindano haijagota juu, au si ya kitambaa hicho.
– Sindano inavunjika: unavuta kitambaa kwa nyuma. Meno ndiyo yanayosukuma. Mikono inaongoza tu.
– Kitambaa hakisogei: kipimo cha urefu wa mshono kiko kwenye sifuri, au meno yameshushwa, au vumbi limejaa.

Hatua ya 3: Rudisha mkono na mguu

Mguu husahau kabla ya kichwa. Chukua karatasi ya daftari yenye mistari, toa uzi, weka ile sindano ya zamani uliyoiondoa (karatasi hufanya sindano butu, kwa hiyo usiharibu mpya), ushone juu ya mistari. Tazama ukingo wa mguu wa kubania na mstari. Ukitazama sindano utapinda. Baada ya kurasa mbili chora pembe na duara. Kwenye pembe, simamisha sindano ikiwa ndani ya karatasi, inua mguu, geuza, shusha, endelea.

Siku hiyo usiguse gauni. Kipindi cha nusu saa kinatosha, na aliyeacha kwa hasira anahitaji kuondoka mezani akiwa ameshona kitu kilichonyooka.

Hatua ya 4: Lisome gauni kabla ya kufumua

Kagua kwanza kama lina ukungu. Madoa meusi madogo na harufu ya unyevu hupungua kwa jua na kwa kuloweka kwenye maji lita 4 yenye siki nyeupe kikombe kimoja, saa moja hivi. Kabla ya kuloweka, bana kitambaa cheupe kilicholowa kwenye kona iliyofichika ya gauni na upitishe pasi. Kikitoka na rangi, punguza muda na usichanganye na nguo nyingine.

Je, kitambaa kilifuliwa kabla ya kukatwa? Kama hakikufuliwa, kifue sasa, kabla ya marekebisho yoyote. Pamba mpya inaweza kupungua sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita, na gauni utakalolirekebisha leo likatoshe litabana baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Kingo ambazo hazijashonwa zitachomoka nyuzi, kwa hiyo zizungushie mshono wa zigizagi au wa mkono kwanza, kisha fua kwa kukamua taratibu bila kusugua.

Piga pasi, ligeuze ndani nje, lilaze mezani. Jipime upya kifua, kiuno na nyonga, bila kutegemea vipimo vya zamani. Pima na gauni kutoka mshono hadi mshono, uzidishe kwa mbili. Kitenge hakivutiki, kwa hiyo gauni linapaswa kuzidi mwili kwa sentimita 5 hadi 8 kifuani, 3 hadi 5 kiunoni na 5 hadi 8 kwenye nyonga. Andika tofauti. Mara nyingi orodha ya makosa kumi uliyokuwa nayo kichwani hubaki makosa mawili kwenye karatasi.

Hatua ya 5: Fumua na urekebishe

Usifumue kwa kuvuta. Upande mmoja wa mshono kata kila mshono wa nne au wa tano kwa wembe, geuza, uvute uzi wa upande wa pili, utatoka mzima. Matundu ya sindano kwenye pamba huziba ukipitisha pasi ya moto juu ya kitambaa chenye unyevu. Kwenye satini na ngozi bandia hayazibi. Kwa hizo, mshono mpya upite ndani zaidi ya ule wa zamani, yaani rekebisha pale tu unapopunguza ukubwa. Ukitaka kuongeza, alama zitaonekana.

Gauni linabana. Angalia ziada iliyoachwa kwenye mishono ya ubavuni. Kama ni inchi moja, yaani sentimita 2.5, unaweza kushona upya ukiacha sentimita 1: kila kipande kinatoa 1.5, kila ubavu unatoa 3, gauni zima linapata sentimita 6. Kama ziada ni 1.5 tu, ukiacha 0.7 utapata 3.2 kwa jumla. Zaidi ya hapo weka kipande ubavuni. Tuseme zinapungua sentimita 8: kila ubavu unahitaji 4, ongeza 1.5 za mshono kila upande, kata vipande viwili vya upana wa sentimita 7. Kitenge cha rangi moja au khanga iliyobaki hufanya vipande hivyo vionekane vimekusudiwa, nasi tunaona mara nyingi gauni hupendeza zaidi hivyo kuliko lilivyopangwa mwanzo.

Shingo inaachia na kusimama mbali na mwili. Imevutika wakati wa kushikwashikwa, kwa sababu mviringo wa shingo umekatwa mshazari. Kata utepe wa mshazari, kwa pembe ya digrii 45, upana wa sentimita 4, urefu pungufu ya mzunguko wa shingo kwa sentimita 2 hadi 3. Ushone ukiuvuta kidogo utepe, si shingo. Gauni lijalo, mara tu baada ya kukata, piga mshono mmoja nusu sentimita kutoka ukingoni mwa shingo ili isivutike tena.

Mkono hauingii. Sehemu ya juu ya mkono hukusudiwa kuwa ndefu kuliko tundu la kwapa kwa sentimita 2 hadi 4. Hiyo si hitilafu ya kukata. Piga safu mbili za mishono mirefu, milimita 4 hadi 5, moja ndani na moja nje ya mstari wa mshono, vuta nyuzi za chini hadi mkono ulingane na tundu, sambaza mikunjo isionekane, piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono, ndipo ushone ukiwa umeuweka mkono juu. Ukivaa na kuona mikunjo ya mshazari ikikimbilia mgongoni, mikono imebadilishana: upande wa mbele wa mkono umechongwa ndani zaidi kuliko wa nyuma. Na kama yote miwili imekatwa ya upande mmoja, kosa la kawaida la kukata kitambaa kikiwa tabaka moja bila kugeuza pateni (karatasi ya kukatia), kitenge ambacho rangi imeingia pande zote mbili kitakuokoa, geuza tu mkono mmoja. Kitambaa chenye upande mmoja wa rangi hakina njia hiyo. Kata mkono mwingine, au vaa gauni bila mikono.

Zipu ina mawimbi. Kitambaa kilivutwa wakati wa kushona. Fumua, piga pasi, bandika ukanda wa gamustifu (kitambaa chenye gundi kinachoshikishwa kwa pasi) wa sentimita 2 pande zote mbili za mwanya, piga bandi, shona pande zote mbili kwa mwelekeo mmoja, kutoka chini kwenda juu.

Hatua ya 6: Ikishindikana

Kitambaa kikiwa hakitoshi gauni, bado kinatosha kitu. Sehemu ya chini ya gauni ikatwe kiunoni iwe sketi ya lastiki: kunja sentimita 1, kisha 3.5, acha mwanya wa kupitishia, ingiza lastiki ya sentimita 2.5 yenye urefu wa kiuno ukitoa 5. Sehemu ya juu itoe foronya ya mto wa 40 kwa 40: mbele kata 43 kwa 43, nyuma vipande viwili vya 43 kwa 30, kila kimoja kipindwe sentimita 2 ukingo mmoja. Vikilaliana nyuma vinaingiliana kwa sentimita 13, na huhitaji zipu wala vifungo.

Tunashauri hata mwenye gauni linalookoleka aanze na foronya. Ina mishono minyoofu, pembe nne, na inaisha siku hiyo hiyo.

Kila unapoinuka mezani

Acha kazi mwishoni mwa mshono, kamwe si katikati ya tatizo. Andika karatasi ndogo na uibane kwa pini kwenye nguo: saizi ya sindano, urefu wa mshono, ziada uliyoacha, hatua inayofuata kwa sentensi moja, kwa mfano "piga bandi mkono wa kushoto, kisha jaribu". Mtu akirudi baada ya miezi minne, karatasi hiyo humwokolea jioni nzima ya kukisia. Vipande vidogo, vifungo na zipu vikae kwenye mfuko mmoja na gauni.

Cherehani yenyewe iache na kipande cha pamba chini ya mguu wa kubania ili kinyonye mafuta yanayoshuka, sindano ikiwa chini, kifuniko cha kitambaa juu yake. Nailoni hufungia unyevu. Kama hutashona mwezi mzima, zungusha gurudumu kwa mkono mara ishirini hivi kila wiki mbili, na tone moja la mafuta kwenye ndoano kabla ya kushona tena.